Maandishi Kwanza, Upole Baadaye: Mwenye Nyumba na Mpangaji katika Kasongo na Kabambare

Mkataba wa kupanga nyumba ni makubaliano ambayo kwayo mtu mmoja, mwenye nyumba, anamwachia mwingine, mpangaji, atumie makao yake kwa muda fulani na kwa malipo yanayoitwa kodi ya nyumba. Ijapokuwa maelezo hayo ni mafupi, jambo lenyewe ni zito, kwa kuwa kinachokodishwa ni mahali ambapo familia inalala, inauguza wagonjwa wake na kupokea wageni wake, na kwa hiyo ugomvi wowote unaozuka juu yake unagusa heshima ya watu kabla ya kugusa fedha zao. Katika Kasongo na Kabambare, teritwari mbili za kusini mwa jimbo la Maniema, uzito huo unaongezeka kwa sababu wanaopangishana mara nyingi ni ndugu, majirani wa siku nyingi, au waumini wa msikiti mmoja au parokia moja, na ukaribu huo ndio unaowafanya wengi waone haya kuandika lolote. Makala haya yanashikilia kwamba haya hiyo ndiyo chanzo cha magomvi mengi: upole peke yake hautoshi kulinda uhusiano mwema, kwa sababu pasipo makubaliano yaliyo wazi, msamaha wa mwenye nyumba na subira ya mpangaji hugeuka kuwa madeni yasiyo na ushahidi.

Nani anapanga, na anapanga nini

Kasongo ni mji uliozoea wageni tangu karne ya 19, ulipokuwa kitovu cha biashara ya Hamed bin Muhammad el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, hadi ulipotekwa na majeshi ya Dola Huru ya Kongo mwezi Aprili 1893. Kiswahili na Uislamu vilivyostawi wakati huo vimebaki, na baadaye Kanisa Katoliki likaufanya mji huo kuwa makao ya jimbo lake la Kasongo, lililoundwa mwaka 1959. Leo hospitali, shule, vyuo, ofisi za serikali na soko huleta watu kutoka Kindu, Bukavu na kwingineko, ambao hawana ardhi wala ukoo mjini na hivyo hawana budi kupanga. Wengi wao hawapati nyumba inayojitegemea, bali hupewa chumba au aneksi, yaani jengo dogo la nyuma, ndani ya parseli, yaani kiwanja, ambamo mwenye nyumba mwenyewe anaishi. Kisima, choo na uwanja vinatumiwa na wote, kiasi kwamba mpangaji na mwenye nyumba huonana kila siku, wawe wamepatana au wamegombana.

Hali ya Kabambare ina sura nyingine, hasa katika Salamabila na kandokando ya Namoya, ambako dhahabu huamua bei ya vyumba. Mgodi wa viwanda wa Namoya, uliokuwa wa kampuni ya Banro, uliingia katika uzalishaji wa kibiashara mwaka 2016, kisha kazi zake zikakatizwa mara kadhaa na ukosefu wa usalama. Mbali na mgodi huo wako wachimbaji wadogo, ambao huhamia pale penye dhahabu na kuondoka inapopungua. Mahali pa namna hiyo mwenye nyumba hushawishika kupandisha kodi kila dhahabu inapoongezeka, naye mchimbaji hushawishika kuondoka usiku bila kuaga inapokwisha, na kila upande huona kwamba mwenzake ndiye aliyeanza kukosa uaminifu. Kwa sababu hiyo mkataba wa Salamabila unafaa kuwa wa muda mfupi, kwa mfano miezi mitatu au sita, kodi ikiwa haibadiliki ndani ya muda huo, ili mwenye nyumba asisubiri sana kabla ya kuipanga upya, na mpangaji asiishi kwa hofu ya bei ya kila juma.

Sheria inavyosema

Watu wengi huamini kwamba mwenye parseli anaweza kufanya atakalo ndani yake, lakini sheria za Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo haziungi mkono imani hiyo. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inalinda mali ya mtu binafsi katika ibara ya 34, na papo hapo inatamka katika ibara ya 29 kwamba makao ya mtu hayaingiliwi ila kwa utaratibu uliowekwa na sheria. Makao yanayolindwa ni ya yule anayeishi humo, kwa hiyo mwenye nyumba aliyekwisha kukabidhi ufunguo hana ruhusa ya kuingia chumbani kwa mpangaji bila kubisha hodi na kukaribishwa, wala kung'oa mlango au mabati ili kumlazimisha aondoke, hata kama kodi imechelewa.

Kuhusu mkataba wenyewe, dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mikataba, ambayo bado inatumika, inaweka katika ibara ya 33 kanuni kwamba makubaliano yaliyofanywa kihalali ni sheria kwa waliokubaliana. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inahusu nyumba zinazopangwa pasipo lengo la biashara, na yako mambo matatu ndani yake ambayo kila upande unapaswa kuyajua. La kwanza ni kwamba inataka mkataba uwe wa maandishi. La pili ni garanti, yaani fedha ambazo mpangaji anaziweka mikononi mwa mwenye nyumba kama dhamana, ambazo kwa nyumba ya kuishi hazipaswi kuzidi kodi ya miezi mitatu. La tatu ni preavi, yaani taarifa ya mapema inayotolewa na anayetaka kuvunja mkataba, ambayo kwa nyumba ya kuishi ni miezi mitatu. Chumba cha duka sokoni kina utaratibu wake, kwa kuwa tangu mwaka 2012 Kongo imo katika OHADA, umoja wa nchi zenye sheria moja ya biashara, na sheria hiyo inampa mfanyabiashara ulinzi zaidi, ukiwamo uwezekano wa kudai mkataba wake ufanywe upya baada ya kuendesha kazi yake mahali hapo kwa miaka miwili.

Kuandika si kumshuku mtu

Pingamizi linalosikika zaidi ni kwamba kumwandikisha ndugu ni kumvunjia heshima. Kwa Waislamu wa Kasongo pingamizi hilo lina jibu katika Sura ya Al-Baqara, ambapo aya ya 282 inawaamrisha waumini waandike deni lenye muda na waweke mashahidi, ilhali aya ya 280, iliyo karibu kabisa nayo, inataka mdaiwa aliye katika dhiki apewe muda. Mafundisho hayo mawili hayapingani, kwa sababu anayempa mdaiwa muda lazima kwanza ajue ni muda gani na ni deni la kiasi gani. Wahenga nao walilisema jambo hilohilo kwa njia yao: mali bila daftari hupotea bila habari.

Mkataba mzuri hauhitaji lugha ya mahakama. Kurasa mbili za daftari zinatosha, mradi ziandikwe kwa lugha ambayo pande zote mbili zinaielewa, zinakiliwe mara mbili, na kutiwa sahihi au alama ya kidole mbele ya mashahidi, ikiwezekana akiwamo shefu wa katiye, yaani kiongozi wa mtaa, au wa avenyu. Maandishi hayo yataje majina ya wanaokubaliana, vyumba vinavyopangwa, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, kiasi cha kodi na siku ya kuilipa, kiasi cha garanti, na watu watakaoishi humo. Pale ambapo mwenye nyumba ana mke au mume, ni busara wote wawili watie sahihi. Marekebisho ya Sheria ya Familia ya mwaka 2016 yaliondoa ulazima wa mke kuomba idhini ya mume kabla ya kuingia katika mkataba, na mpangaji aliyekubaliana na mmoja tu anaweza siku moja kuambiwa na mwingine kwamba hakushirikishwa.

Jambo la sarafu linastahili sentensi yake katika mkataba, kwa kuwa kodi nyingi hutajwa kwa dola na kulipwa kwa faranga. Kiwango cha kubadilisha kisipoandikwa, kila mwezi huanza na mabishano kuhusu kambisti, yaani mbadilisha fedha, yupi alitoa bei gani. Inafaa ama kodi itajwe kwa faranga na ibaki hivyo hadi mwisho wa mkataba, ama iandikwe wazi kwamba itafuata bei ya soko ya siku ya malipo. Njia ya kwanza inamwelemea mwenye nyumba faranga inaposhuka thamani, na ya pili inamwelemea mpangaji anayelipwa kwa faranga, kwa hiyo wanaokubaliana wachague wakijua mzigo unamwangukia nani.

Kabla ufunguo haujakabidhiwa, pande mbili zipite pamoja chumba kwa chumba na kuandika hali ya kila kitu: mabati yenye kutu, ukuta wenye ufa, kufuli, idadi ya madirisha yenye vioo, na kiasi ambacho shimo la choo limekwisha kujaa. Ukaguzi huo, unaojulikana ofisini kwa jina la eta de lye, huchukua muda mfupi tu, na siku ya kuondoka ndio unaoamua ni kiasi gani cha garanti kinarudi. Asiyekagua nyumba wakati wa kuingia hana hoja wakati wa kutoka.

Kodi, mshahara na ucheleweshaji

Kodi inapochelewa, swali la kwanza la mwenye nyumba mwenye busara ni kutaka kujua chanzo, kwa kuwa mpangaji asiyetaka kulipa na mpangaji asiyelipwa hawastahili kutendewa sawa. Walimu ni mfano ulio wazi. Tangu elimu ya msingi ya shule za serikali ilipofanywa ya bure mwezi Septemba 2019, walimu wa shule hizo walipoteza fedha ambazo wazazi walikuwa wakiwachangia, na wale ambao bado hawajaingizwa katika orodha ya malipo ya serikali, wanaoitwa enyu, wanaweza kufundisha kwa muda mrefu bila mshahara. Hata walioorodheshwa hupokea fedha zao kwa tarehe zisizotabirika pale ambapo benki ziko mbali. Kumtaka mwalimu wa namna hiyo alipe kila tarehe mosi ni kupanga ugomvi mapema, ilhali kukubaliana kwamba atalipa ndani ya siku chache baada ya mshahara kutoka, na kwamba asipolipwa kwa miezi miwili watakutana kuandika mpango wa kulipa kidogo kidogo, kunaheshimu ukweli wa pande zote mbili.

Mpangaji naye ana wajibu ambao umaskini hauufuti, nao ni wa kusema mapema. Anayekwenda kwa mwenye nyumba kabla ya siku ya kodi na kueleza shida yake hupokewa tofauti na anayejificha au anayezima simu, kwa sababu kinachomwudhi mwenye nyumba si kuchelewa tu bali pia kuonekana mjinga. Afadhali pia alete sehemu ya kodi kuliko kutoleta chochote, na kiasi hicho, hata kiwe kidogo, kiandikwe. Kila malipo yanahitaji risiti au mstari katika daftari wenye tarehe, kiasi, mwezi unaolipiwa na sahihi ya aliyepokea. Hata aliyelipa kwa simu, kwa M-Pesa au Airtel Money, asitegemee ujumbe wa simu peke yake, kwa kuwa ujumbe unaonyesha kwamba fedha zimetumwa lakini hauonyeshi zilitumwa kwa ajili ya mwezi gani.

Katika Kongo mashariki kuna desturi ya kula garanti, yaani mpangaji anayekaribia kuondoka halipi tena kodi bali anakaa hadi fedha za dhamana zimalizike. Desturi hiyo haina ubaya ikiwa imekubaliwa kwa maandishi na ikiwa nyumba haina uharibifu, ila mpangaji anayeamua hivyo peke yake anamnyima mwenye nyumba kinga dhidi ya mlango uliovunjwa. Kwa upande wa pili, mwenye nyumba anayeitumia garanti mara tu anapoipokea, kwa ada za shule au kwa kununua mabati, atashindwa kuirudisha siku inapodaiwa, kwa hiyo anayejua kwamba hawezi kuitunza afadhali aombe garanti ndogo zaidi.

Paa, choo na mti wa embe

Kanuni ya jumla inayofuatwa katika mikataba ya kupanga ni kwamba matengenezo makubwa, kama ya paa, kuta na msingi, ni ya mwenye nyumba, na yale madogo yanayotokana na matumizi ya kila siku, kama kitasa au kioo kilichovunjwa na watoto, ni ya mpangaji. Katika nyumba za matofali mabichi na paa la nyasi mpaka huo hauonekani wazi daima, kwa sababu mvua, mchwa na matumizi hushirikiana kuziharibu. Njia bora ni kuzikagua kila mwaka wakati wa kiangazi, kati ya Juni na Agosti, ambapo udongo umekauka na fundi anaweza kupanda juu ya paa, badala ya kungoja mvua za Septemba ziamue ni nani mwenye kosa. Mpangaji anayeona paa linavuja atoe taarifa mara moja, kwa kuwa akinyamaza hata mbao zikaoza, ameshiriki katika uharibifu.

Mara nyingine mwenye nyumba hana fedha, naye mpangaji yuko tayari kununua mabati au kuchimba choo kipya kwa makubaliano kwamba gharama zitakatwa katika kodi. Mpango huo unawafaa wote wawili, mradi kabla ya kazi waandike bei ya vifaa, ujira wa fundi, na idadi ya miezi itakayohesabiwa kuwa imelipwa. Mpangaji anayejenga kwanza na kuomba kukatiwa baadaye anaweza kuambiwa kwamba hakutumwa na mtu.

Ndani ya parseli ya pamoja mambo madogo ndiyo yanayochosha roho. Mkataba, au walau mazungumzo mbele ya shahidi, yaeleze nani anafagia uwanja siku ipi, nani analipia kamba na ndoo ya kisima, nani anachangia shimo la choo linapojaa, mahali pa kuanikia mpunga na mihogo, na kama mpangaji anaruhusiwa kufuga bata au mbuzi. Matunda ya mwembe na ngazi za mchikichi huzusha chuki iliyo kubwa kuliko thamani yake, kwa kuwa mwenye nyumba huona mti ni wa ukoo, naye mpangaji huona ameupanga pamoja na uwanja. Sauti ya jenereta na muziki vinahitaji saa maalumu, na familia zenye dini tofauti katika parseli moja zijulishane mapema kuhusu mwezi wa Ramadhani, vipindi vya maombi na siku za matanga, ili kelele au ukimya wa upande mmoja usichukuliwe kuwa dharau na upande mwingine.

Wakati wa kukimbia na wakati wa kufiwa

Mapigano yaliyoitikisa Kabambare kwa miaka mingi yameleta wapangaji wasiochagua kupanga, yaani watu waliokimbia vijiji vyao wakiwa na mizigo michache. Wengi hupokewa bure na ndugu au marafiki, na ukarimu huo ni sifa kubwa ya wenyeji wa Maniema, ila ukaribisho usio na mwisho uliotajwa huchosha, kisha mgeni hushtukia anadaiwa kodi ya miezi ambayo hakujua kwamba inahesabiwa. Mwenyeji atakuwa amemheshimu mgeni wake zaidi akisema tangu mwanzo kwamba kwa miezi kadhaa hatalipa chochote, na kwamba baada ya hapo watazungumza juu ya mchango wa fedha, wa kazi ya shamba au wa chakula. Nyumba iliyoachwa na mpangaji aliyekimbia nayo isigawiwe haraka: vitu vyake viorodheshwe mbele ya shefu na kuwekwa mahali salama, kwa sababu kutoweka kwake hakumaanishi kwamba amevitupa.

Kifo cha mwenye nyumba ni jaribu lingine, kwa kuwa siku chache baada ya matanga mpangaji anaweza kujiwa na mjane, mtoto mkubwa na mjomba, kila mmoja akidai kodi. Sheria ya Familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inawatambua watoto kuwa warithi wa kwanza, na inampa mwenza aliyebaki haki ya kuendelea kuitumia nyumba ambayo wanandoa walikuwa wakiishi. Si kazi ya mpangaji kuamua mgawanyo huo. Kazi yake ni kuiomba familia imtaje kwa maandishi mtu mmoja atakayepokea kodi, na mpaka atajwe, aitunze fedha hiyo kikamilifu bila kuitumia. Familia nayo ifahamu kwamba mpangaji aliyeingia kihalali hafukuzwi kwa sababu tu aliyetia sahihi amefariki.

Ugomvi unapozuka

Panapotokea mgogoro, hatua zifuate ngazi. Kwanza wahusika wazungumze wenyewe, daftari likiwa mezani, mahali pasipo na watoto wala majirani wanaosikiliza. Wakishindwa, wamwite mtu mzima anayeheshimiwa na pande zote, kama imamu, padri, mchungaji au mzee wa ukoo. Akishindwa naye, waende kwa shefu wa katiye, kisha katika ofisi ya serikali inayoshughulikia makazi, ambayo sheria ya mwaka 2015 imeipa kazi ya kuwapatanisha kabla ya kesi kufikishwa mahakamani. Askari hawana nafasi katika deni la kodi, na anayewaita ili kumtisha mwenzake mara nyingi hugundua kwamba gharama za kuwaita zimezidi kodi aliyokuwa akiidai.

Kwa wale ambao tayari wanaishi pamoja bila maandishi yoyote, hakuna haja ya kungoja mpangaji mpya. Siku ya kodi inayofuata, mwenye nyumba na mpangaji wake wanaweza kuketi na kuandika kiasi wanachokubaliana kuwa kinadaiwa hadi siku hiyo, kiasi cha garanti kilichotolewa, mambo ya nyumba yanayohitaji kutengenezwa, na tarehe ya kuupitia tena mkataba. Ikiwa deni la zamani lina utata, ni afadhali wakubaliane juu ya nusu yake na kuufunga ukurasa huo kuliko kuubeba mwaka mzima, na baada ya hapo kila msamaha utakaotolewa uandikwe katika daftari hilohilo, pamoja na tarehe yake na jina la aliyeutoa.